Tangi la mimea na samaki wadogo kwa mtu asiye na muda

Swali limetoka Tabata, Dar es Salaam. Msomaji anaeleza kwamba alinunua tangi la lita 25 na samaki wa dhahabu watatu, na katika wiki mbili wote walikufa ingawa alikuwa akibadilisha maji yote kila baada ya siku tatu. Sasa anataka kutengenezewa na fundi tangi la kioo la urefu wa sentimita 60, aweke mimea hai na samaki wadogo. Hata hivyo anatoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, umeme wa mtaani kwao hukatika mara kwa mara, na hana nafasi ya kusafisha tangi kila wiki. Anauliza anunue chujio gani, achague samaki gani, na kama wapo samaki wa kwetu wanaofaa.

Ndugu msomaji, nitaanza na samaki waliokufa, kwa kuwa kilichowaua ndicho kinachoamua namna tangi jipya litakavyojengwa. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao wenyewe, mchana na usiku, hasa kupitia matamvua, na chakula kinachobaki chini na kuoza huongeza nyingine. Mtoni au ziwani amonia hiyo hupotelea katika maji mengi, lakini katika lita 25 haina pa kwenda. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wapo wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ikiwa kidogo haidhuru. Lakini katika tangi jipya bakteria hao huhitaji wiki nne hadi sita kuzaliana hadi watoshe. Samaki wako waliingia kabla yao. Kubadilisha maji yote kwa maji ya bomba yaliyotoka kwenye koki muda huohuo kuliwapa nafuu ya saa chache, kisha klorini ikawaunguza samaki matamvua na kuwaua bakteria wachache waliokuwa wameanza kukaa kwenye kokoto na vioo, hivyo kila siku ya tatu tangi lilikuwa linaanza upya.

Joto la Dar es Salaam nalo lina sehemu yake. Ndani ya maji amonia huwa katika hali mbili: moja ina chaji ya umeme na haidhuru sana, nyingine haina chaji na hupenya matamvua kwa urahisi. Katika maji ya nyuzi 28 yenye pH 7 (pH ni kipimo cha uasidi na ualkali wa maji), hiyo ya pili haifiki asilimia 1 ya amonia yote. pH ikipanda hadi 8 kwa joto lilelile, inakuwa asilimia 6 hivi. Tena samaki wa dhahabu ni samaki wa maji ya baridi, anayekua hadi kupita sentimita 20, na anakula na kuchafua kwa kadiri ya mwili wake. Hata fundi mzoefu asingeweza kuwatunza watatu katika lita 25.

Kwa sababu hiyo swali la chujio naliweka nyuma. Chujio la umeme kwa sehemu kubwa ni nyumba ya bakteria, na linafaa sana pale umeme unapokuwa wa kutegemewa. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, maji yaliyomo ndani yake husimama, oksijeni huisha, bakteria huanza kufa, na umeme ukirudi uozo huo wote husukumwa ndani ya tangi. Mimea haina udhaifu huo. Mimea mingi ya majini huchukua amonia moja kwa moja kama chakula, na mingi huipendelea kuliko nitrati, kwa hiyo tangi lililopandwa kwa wingi linasafisha maji yake lenyewe hata kama hakuna soketi iliyowaka. Ushauri wangu ni kwamba usinunue chujio kabisa. Nunua mimea mingi kuliko unavyodhani inahitajika, chagua samaki wachache kuliko unavyotamani, na kati ya siku ya kupanda na siku ya kuweka samaki upite angalau mwezi mmoja. Ukitaka kifaa cha tahadhari, kinatosha kipampu kidogo cha hewa kinachoweza kuchomekwa kwenye pawabanki, kwa ajili ya usiku wa joto kali, wakati mimea nayo inapokula oksijeni badala ya kuitoa.

Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 35 linachukua lita 63 likiwa tupu. Ukishaweka udongo na mchanga na kuacha nafasi kidogo juu, maji yenyewe yatakuwa lita 50 hivi, na uzito wote pamoja na kioo utakaribia kilo 80. Meza ya plastiki haitaumudu. Weka tangi juu ya kabati au meza ya mbao iliyosimama sawasawa, na ulaze karatasi ya sponji chini ya kioo ili kisipasuke kwa sababu ya kipunje kimoja cha mchanga. Mwambie fundi atumie kioo cha milimita 6 na silikoni ya kawaida isiyo na dawa ya kuzuia kuvu. Ile inayouzwa kwa ajili ya bafuni huwa na dawa hiyo, nayo ni sumu kwa samaki. Liache likauke kwa wiki nzima, hadi harufu ya siki iishe, ndipo ulijaze maji kwa majaribio ukiwa uani badala ya sebuleni.

Udongo wa chini ndio akiba ya chakula cha mimea, na ndipo watu wengi wanapoharibu. Chukua udongo wa juu wa bustani ambao haujatiwa samadi, mboji wala mbolea ya dukani, kwa maana vyote hivyo vikilowa hutoa amonia kwa wiki nyingi. Usichukue mfinyanzi mtupu, wala udongo wa kando ya barabara au karibu na gereji. Uchekeche ili kuondoa mizizi, vijiti na mawe, uloweke kwenye beseni, umwage maji pamoja na takataka zinazoelea, kisha uanike juani hadi ukauke kabisa. Rudia hivyo mara tatu au nne. Kila unapolowa na kukauka, vijidudu huozesha sehemu ya mabaki ya majani yaliyomo, na amonia ambayo ingetokea ndani ya tangi inaishia uani kwako. Usiruke hatua hii kwa kuwa udongo unaonekana msafi. Udongo mweusi wenye harufu nzuri ya shamba ndio wenye mabaki mengi zaidi ya kuoza.

Tandaza udongo huo kwa unene wa sentimita mbili na nusu, kisha uufunike kwa sentimita tatu za mchanga wa mto wenye punje kubwa, za milimita mbili hadi tatu. Mchanga laini kama unga huziba na kuufanya udongo wa chini ukose hewa na kunuka yai bovu. Mchanga wa ufukweni usiutumie, hata ukioshwa mara ngapi, kwa sababu una vipande vya makombe na matumbawe ambavyo huendelea kuyeyuka taratibu na kupandisha pH, na umeona hapo juu pH inafanya nini kwa amonia. Ukiwa na shaka, chota kijiko kimoja cha mchanga na ukimwagie siki: ukitoa povu, una chokaa. Mchanga uoshwe ndooni kwa kuvuruga kwa mkono na kumwaga, mara nyingi kuliko utakavyopenda, hadi ukiutia kidogo kwenye glasi ya maji safi na kuutikisa, maji yabaki yanapitisha maandishi ya gazeti lililowekwa nyuma ya glasi.

Kuhusu maji, maji ya bomba yanafaa mradi klorini iondoke. Yakikaa siku nzima kwenye ndoo pana isiyofunikwa, sehemu kubwa ya klorini hupotea hewani, na maji yaliyokaa siku kadhaa kwenye simtank kwa kawaida yameshapita hatua hiyo. Maji ya kisima ni suala jingine. Visima vingi vya Dar es Salaam vina yale wenyeji wanayoita maji ya chumvi, na ukiyaonja na kuisikia chumvi ulimini, usiyatumie kwa mimea, maana mingi itageuka rangi na kuoza. Maji magumu, yaani yenye madini mengi kama chokaa, yasipokuwa na ladha ya chumvi hayana tatizo. Samaki ninaowapendekeza hapa chini huyapenda.

Sasa kupanda. Jaza maji kidogo tu, yapande sentimita tano juu ya mchanga, ukiyamwagia juu ya sahani iliyolazwa ili yasichimbue udongo. Panda mimea yote ukiwa bado unaona vidole vyako, ndipo umalizie kujaza taratibu juu ya sahani ileile. Angalau theluthi mbili za sakafu ya tangi zifunikwe siku hiyohiyo. Mimea ya kutegemea ni ile inayokua haraka. Vallisneria, yenye majani marefu kama utepe, hupenda maji magumu na hujisambaza yenyewe kwa vikonyo vinavyotambaa mchangani. Ipande hadi mizizi ifunikwe, lakini pale majani yanapoanzia pabaki juu ya mchanga, la sivyo huoza. Ceratophyllum demersum, ambayo humea yenyewe katika mabwawa na maziwa ya Afrika Mashariki, haina mizizi kabisa: itupie tu ielee, nayo itanyonya amonia iliyomo majini kuliko mmea mwingine wowote utakaoupata kwa bei hiyo. Ongeza Hygrophila kwa vishina kadhaa. Cryptocoryne ya Sri Lanka ni nzuri kwa mbele, ila usishtuke ikipukutisha majani yote wiki mbili za mwanzo; mizizi ikiwa hai, mengine yatachipua. Anubias, ambayo asili yake ni misitu ya Afrika Magharibi na Kati, hupendwa sana madukani kwa kuwa haifi ovyo, lakini hukua polepole mno, kwa hiyo inapamba zaidi ya kusafisha. Ukiinunua, ifunge kwa uzi kwenye jiwe, tunguu lake lisizikwe.

Huenda ukashawishika kwenda kuchuma mimea bure kwenye bwawa au kijito. Hapo naomba uwe makini kuliko mahali pengine popote katika jibu hili. Konokono wa majini wa jenasi ya Bulinus, ambao wapo ukanda wetu wa pwani, na Biomphalaria, ambao wamejaa kando ya Ziwa Victoria, ndio wanaobeba vimelea vya kichocho. Konokono aliyeambukizwa huachia majini vimelea visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha, na hilo linaweza kutokea ndani ya tangi la sebuleni pale unapoingiza mkono kupogoa mimea. Biomphalaria ana kombe bapa lililojiviringa, na mtu asiye mtaalamu hawezi kumtofautisha na konokono wa mapambo wanaouzwa pamoja na samaki. Jambo la kutuliza ni kwamba konokono haambukizwi na mama yake kupitia mayai, bali huambukizwa na vimelea vinavyotoka kwenye mkojo au kinyesi cha watu kikifika majini, kwa hiyo konokono waliozaliwa katika tangi safi hawana kichocho. Pata basi mimea kwa mtu anayeiotesha mwenyewe kwenye matangi. Ikiwa huna njia nyingine, vaa glavu, ondoa kila konokono, suuza mimea, na uiache kwenye ndoo safi kwa siku tatu kabla ya kuigusa, kwa kuwa vimelea hivyo visipopata ngozi hufa katika siku mbili hivi.

Taa haitaki maelezo mengi. Balbu ya LED ya mwanga mweupe, ya wati 10 hadi 15, iliyowekwa sentimita chache juu ya maji inatosha, na soketi yenye saa itaiwasha na kuizima hata ukiwa kazini. Anza na saa sita kwa siku, uongeze hadi nane mimea ikishika. Mwanga ukizidi mimea kabla haijakomaa, anayefaidi ni mwani, nawe utaona vioo vimegeuka kijani. Dirisha la mashariki lenye jua la asubuhi ni msaada mzuri siku umeme unapokatika, lakini jua la alasiri likiligonga tangi dogo Dar es Salaam, maji hupita nyuzi 32. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 yanabeba saba na nusu tu, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuweka samaki wachache.

Katika ule mwezi wa kusubiri, lipo jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa katika nchi za baridi havilitaji: tangi la maji yaliyotulia, lisilo na samaki, ni mazalia ya mbu. Lifunike kwa kipande cha neti ya dirisha. Usitumie chandarua chenye dawa, kwa sababu dawa zinazotiwa kwenye vyandarua ni za jamii ya pairethroidi, ambazo kwa binadamu hazina madhara makubwa lakini kwa samaki na uduvi ni sumu kali hata zikiwa kidogo mno. Kwa sababu hiyohiyo, ukipuliza dawa ya mbu sebuleni, funika tangi lote kwa nailoni na uzime pampu ya hewa hadi chumba kipitishwe hewa vizuri. Samaki wengi wa mijini wanaosemwa kuwa wamekufa bila sababu, mimi ningeuliza kwanza kama jana yake chumba kilipulizwa dawa.

Utajuaje kwamba tangi liko tayari? Njia ya uhakika ni vipimo vya amonia na nitriti, vyote vikisoma sifuri kwa wiki nzima. Usipovipata, subiri hadi Vallisneria iwe imetoa miche mipya na maji yawe hayana ukungu wala harufu, na hata hivyo usipunguze wiki sita.

Samaki ninayempendekeza kwako ni gapi, na tena madume peke yao. Anavumilia joto, anapenda maji magumu, dume halizidi sentimita tatu na nusu, na rangi zake hazina mfano kwa bei yake. Nasema madume peke yao kwa kuwa jike huzaa kila baada ya wiki nne hivi, watoto ishirini, thelathini au zaidi, na huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa, hivyo jike mmoja tu aliyenunuliwa akiwa peke yake anatosha kulijaza tangi hadi mahesabu yote ya amonia yaharibike. Weka wanne kwanza, kaa wiki tatu, kisha waongeze wafike wanane au kumi, basi. Neoni tetra, ambaye kila muuzaji atakuonyesha, anatoka maeneo ya Amazoni yenye maji laini yasiyo ya moto sana; kwa Dar es Salaam hadumu, ingawa kwa msomaji wa Iringa au Mbeya ningejibu vingine.

Samaki wa kwetu wapo, na baadhi ni maarufu duniani kote kuliko nyumbani. Nothobranchius guentheri, mwenye mkia mwekundu, asili yake ni Unguja. Jamii yake huishi kwenye madimbwi ya masika yanayokauka kiangazi. Wakubwa hufa wote, na mayai hubaki hai ndani ya tope kavu yakisubiri mvua. Ni samaki wa kustaajabisha, lakini umri wake ni mfupi, madume hupigana, na kumzalisha kunadai kuhifadhi mayai kwenye tope lenye unyevu kwa miezi, yaani kazi ileile unayoikimbia. Wapo pia samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, Neolamprologus multifasciatus, ambao hawafiki sentimita tano. Hao maji yako magumu wangeyafurahia, ila huchimba mchanga mchana kutwa, na katika tangi lenye udongo chini wangekutengenezea uji wa matope kwa siku moja. Watafutie tangi lao la mchanga mtupu siku nyingine. Wa kwetu anayefaa hasa kwa tangi hili ni yule mdogo wa jenasi ya Lacustricola, mwenye jicho linalong'aa buluu kwa juu. Ni mpole, huenda kwa makundi na hula viluwiluwi vya mbu. Madukani haonekani mara kwa mara, lakini ukimpata kwa mfugaji, wanane wanaweza kukaa mahali pa magapi.

Kazi itakayobaki ni ndogo. Lisha mara moja kwa siku, kiasi kinachoisha kwa dakika mbili, na ukipitiwa siku moja usifidie kesho yake. Samaki wakubwa wenye afya hukaa wiki nzima bila kulishwa, kwa hiyo ukisafiri usimwachie jirani kopo la chakula. Maji yanayopungua kwa joto yaongeze kila wiki, na kila baada ya wiki tatu au nne toa ndoo moja ya lita 10 na kurudisha mengine, kwa kuwa mvuke huondoka na maji peke yake na kuacha madini, na kwa kuongeza tu bila kutoa, maji yako magumu yatazidi kuwa magumu. Vioo vifute kwa kitambaa ambacho hakijawahi kugusa sabuni.

Ceratophyllum utalazimika kuipunguza kila mwezi. Unayoitoa ianike juani hadi ikauke kabisa ndipo uitupe bustanini, na usiimwage kamwe kwenye mtaro au mto; gugumaji lililolifunika Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 liliwahi kuwa ua la bwawa la mtu. Magapi wasiotakiwa nao wasimwagwe huko, bali warudishwe kwa muuzaji au apewe mwenye tangi.